Mpaka Nyuzi Zionekane

Suruali ililetwa ikiwa imekunjwa, na hilo peke yake lilitosha kumtia Mama Kava wasiwasi. Mumewe hakuwa mtu wa kukunja nguo. Tangu waoane alikuwa akivua na kutupa juu ya kiti, na kiti kikijaa anahamia kwenye ndoo. Leo ameikunja kwa adabu, akaiweka pembeni ya cherehani kama anayemwekea mgonjwa chakula.

"Imenaswa na msumari pale kituoni," alisema kabla hajaulizwa. "Ukipata nafasi uitie kiraka. Hakuna haraka."

Mama Kava akaikunjua. Mwanamke huyu alikuwa ameshona nusu ya umri wake: magauni, kisha sare za shule, na siku hizi makava ya siti za pikipiki, kazi ambayo mafundi wengine waliikimbia kwa sababu rexini, ile ngozi ya bandia, huvunja sindano. Ndiko jina lake lilikotoka, na wenye utani walisema hakuna makalio mtaani yasiyokalia kazi yake. Mtu wa namna hiyo humdanganyi kuhusu kitambaa. Msumari huchana. Suruali hii haikuwa imechanika, ilikuwa imesagika, kuanzia nyonga hadi karibu na goti, na kwenye pindo ilikuwa na alama nyeusi isiyotoka kwa kucha.

"Msumari gani huu unaopaka watu lami?"

Mumewe akajifanya anatafuta kikombe.

"Baba watoto. Hebu kaa chini."

"Nitakaaje, mama watoto, na nyonga yenyewe ndiyo hiyo?"

Basi ikawa ameshatoboa siri mwenyewe. Akaegemea mlango, akaeleza huku macho yakiwa kwenye sakafu. Ilikuwa jana jioni, manyunyu yale ya kwanza, yasiyotosha kuosha barabara bali kukoroga tu vumbi na oili. Alikuwa amembeba kwenye pikipiki mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Penye kona ya zahanati akagusa breki ya nyuma, akagusa tu, na gurudumu la nyuma likamkimbia. Likaenda kwake, yeye akaenda kwake. Aliangukia upande ili yule mama amwangukie yeye.

"Wameumia?"

"Hapana. Mtoto alipoteza kiatu kimoja." Akajiegemeza upya mlangoni. "Alikuwa anacheka, mama watoto. Alidhani ni mchezo. Akasema tena, tena."

"Na mama yake?"

"Hakusema kitu. Alimfuta mtoto vumbi, akaondoka kwa miguu. Angenitukana ningepona."

Mtaani huyu bwana walimwita Polepole. Alikuwa akipunguza mwendo kabla ya kona na wala si ndani ya kona, akiona dimbwi analizunguka, na abiria wenye haraka walimruka wakapanda za wenzake. Lakini wajawazito walimsubiri yeye. Wazee walimsubiri yeye. Wanawake wenye watoto mgongoni walikuwa wakiuliza kituoni, "Polepole yuko wapi?" na kukataa wengine wote. Sasa Mama Kava akaona kilichokuwa kimekunjwa ndani ya ile suruali. Kuanguka si neno, madereva huanguka. Mumewe alikuwa ameangusha mtu aliyemchagua.

"Ni tairi?" aliuliza.

"Ni tairi."

Wakatoka nje kuliangalia kabla jua halijazama. La mbele lilikuwa bado na mifereji yake. La nyuma ndilo linalobeba mzigo: injini inalisukuma, abiria analikalia, breki inalikwaruza, na hili lilikuwa limeliwa katikati hadi likawa bapa kama meza. Polepole akashika mkono wa mkewe akapitisha kidole chake juu ya mpira. Ulikuwa laini, unateleza kama sabuni iliyotumika.

"Tairi jipya lina vinundu vidogo ndani ya mifereji," alisema. "Mpira ukilika mpaka ukalingana navyo, ndiyo linakuambia basi, nimechoka. Haya vitafute."

Mama Kava akatafuta. Hakukuwa na mifereji, sembuse vinundu.

"Na kaka amesemaje?"

Mume akacheka kicheko cha mtu aliyezoea. "Kaka yako husema kile kile. Tairi halibadilishwi mpaka nyuzi zionekane."

*

Kaka yake Mama Kava ndiye aliyekuwa mwenye pikipiki, hiyo na nyingine kadhaa pale kituoni. Madereva walimwita Tajiri, naye aliitika. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi lenye kaunta ya kioo, na kila jioni madereva walipita hapo kuacha hela ya siku na kusikiliza nasaha. Sheria yake ya nyuzi ilikuwa maarufu. Tairi ndani ya mpira wake lina nyuzi, na Tajiri alikuwa akisema mpira ni nguo tu, nyuzi ndizo mwili, na nani anazika mtu kwa sababu nguo imechakaa? Madereva walicheka kwa sababu ndiye mwenye funguo.

Asubuhi iliyofuata walikwenda wote wawili, mke na mume. Mama Kava alivaa vizuri. Tajiri aliwaona wakiingia, akawaonyesha benchi kwa kidevu, akaendelea kumhudumia mteja wa misumari. Akaja mteja wa rangi. Akaja mteja wa kitasa ambaye hakununua kitasa, naye akahudumiwa kwa bashasha mpaka akaaga. Polepole alikaa kwa nyonga moja. Mama Kava aliyahesabu makopo ya rangi kwenye rafu, kisha akaacha, maana aliona hasira inapanda na makopo hayakuwa na kosa.

"Enhe, wageni wangu," Tajiri alisema hatimaye. "Dada, mbona umependeza hivyo, kuna harusi?"

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba. Shemeji, nasikia ulilala barabarani juzi. Kitanda nyumbani hakitoshi?"

Mteja mmoja aliyebaki akacheka. Polepole naye akatabasamu, na hilo tabasamu ndilo lililomuuma mkewe kuliko utani wenyewe.

"Shemeji, ni lile tairi," Polepole alisema. "Mvua inaanza. Kwenye kavu nimevumilia, ninajua namna ya kulibembeleza. Kwenye maji halishiki kabisa."

"Nyuzi zinaonekana?"

"Bado, lakini..."

"Basi bado."

"Kaka," Mama Kava aliingilia, "alikuwa na mtoto mgongoni. Abiria, namaanisha. Alikuwa na mtoto."

"Na mtoto alipatwa na nini?"

"Alipoteza kiatu."

"Nitamnunulia kiatu." Tajiri akafungua mikono kama aliyemaliza kesi. Kisha sauti ikalainika, na Mama Kava aliijua ile sauti tangu utotoni, ndiyo aliyokuwa akiitumia akitaka kupewa kipande kikubwa. "Dada yangu, mimi si mtu mbaya. Nani alimlipia mwanao Mrefu shule mpaka akamaliza? Si mimi? Nimewahi kukusimanga? Pikipiki hii wameiomba wangapi? Nikasema hapana, ni ya shemeji, ni ya nyumbani. Sasa ninyi mnakuja kunisimamia dukani mbele za watu kama mnanidai."

Kumbe ni yeye aliyeonewa. Mama Kava akameza maneno. Na alikuwa nayo, maana makava ya pikipiki zote za kaka yake alikuwa ameyashona yeye, kwa rexini yake mwenyewe, kwa undugu.

"Iache hapa," Tajiri alisema, akimpigapiga shemeji yake begani. "Nitalishughulikia. Kesho uje uichukue."

Wakashukuru. Njiani Polepole alichechemea huku akisema shemeji si mbaya, shida yake ni maneno tu, na mkewe akasema ndiyo, ni maneno tu. Walitaka sana kuamini.

*

Kesho yake pikipiki ilikuwa imesimama mbele ya duka, inang'aa. Tairi la nyuma lilikuwa jeusi tititi, lina mifereji mirefu ya kupendeza iliyokatwa kwa mshazari. Mpita njia angesema limetoka dukani.

Polepole akachuchumaa nyuma yake. Akalinusa. Lilikuwa linanuka rangi ya viatu. Akaingiza ukucha ndani ya mfereji, akakuta kingo zimeungua kidogo, zina vipele, kazi ya kisu kilichotiwa moto. Tairi lilikuwa lile lile. Mtu alikuwa amelichonga mistari, yaani amechukua mpira kidogo uliobaki na kuupunguza zaidi ili uonekane mwingi.

Akasimama. Halafu akaingia dukani, akauweka ufunguo juu ya kaunta ya kioo. Ulilia *kaa*.

"Shemeji, hii sipandi."

"Unasemaje?"

"Ninashukuru kwa miaka yote. Lakini hii sipandi, na abiria simpandishi."

Alikuja kumsimulia mkewe kwa sauti ya kawaida, kama anayesimulia habari za jirani. Mama Kava alikuwa anapiga mshono wa rexini, akainua mguu kwenye kanyagio la cherehani. Alitaka kumuuliza watakula nini. Alikuwa na haki ya kuuliza, nyumba ile ilikuwa inakula kwa pikipiki, kushona kulikuwa kitoweo tu. Akamwangalia mume wake, mtu ambaye hajawahi kumrudishia mtu neno, amesimama mlangoni mikono mitupu.

"Umefanya vizuri," alisema, akarudisha mguu kwenye kanyagio.

*

Kufanya vizuri kuna gharama zake. Kituoni madereva walimsubiri Polepole apite ili wamtanie. Aliyewaongoza alikuwa kijana aliyejiita Mbio, ambaye pikipiki yake pia ilikuwa ya Tajiri na tairi lake pia lilikuwa limeshapitia kwenye kisu cha moto.

"Jamani, mpisheni Polepole! Siku hizi hata miguu yake anaikagua kwanza kabla ya kutembea!"

"Wewe cheka tu," Polepole alisema.

"Tairi limechongwa, linashika kama kucha! Shida ni moyo wako, mzee. Moyo ndio umekuwa kipara."

Kwenye duka la vyakula mwenye duka alianza kuwa na shughuli nyingi kila Mama Kava akiomba sukari ya mkopo. Jirani mmoja alimpa unga bila kuombwa, na kuupokea kulimchoma kuliko njaa. Mtoto wao mdogo alirudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango mdogo tu wa shule ambao kipindi kingine ungelipwa bila kufikiri. Polepole aliamka kila asubuhi saa ile ile, akavaa koti lake la kazi, kisha akakumbuka na kulivua. Alianza kumshikia mkewe rexini wakati wa kukata. Alikata vibaya. Mkewe akarudia kukata.

Kisha mama mzazi wa Mama Kava na Tajiri akapiga simu. Bibi huyu aliishi mbali, na habari zilimfikia zikiwa zimeshatiwa chumvi na mwenye chumvi.

"Mwanangu, nasikia mumeo amemtupia kaka yako ufunguo usoni."

"Aliuweka kwenye kaunta, mama."

"Kuweka, kutupa, yote ni dharau. Kaka yako ndiye baba yako sasa. Nendeni mkaombe radhi."

"Mama, tairi lile litaua mtu."

"Kwani limeua?"

Mama Kava akaishusha simu. Hivi ndivyo watu wote walivyokuwa wakimuuliza, kwa namna moja au nyingine: nyuzi zinaonekana? Mtoto alipatwa na nini? Kwani limeua? Ikawa kana kwamba kuna maiti inayosubiriwa, na mpaka ifike hakuna mwenye ruhusa ya kulalamika.

*

Mrefu ndiye aliyefungua mlango wa balaa, naye aliufungua kwa furaha. Alikuwa kifungua mimba wao, kijana aliyemaliza shule na kubaki nyumbani akiomba kazi huku na huko, akiambulia patupu, akinyoosha miguu yake mirefu kwenye kizingiti kila mtu akimruka. Asubuhi ile mawingu yalikuwa yameshuka mpaka karibu na mapaa. Mama Kava alikuwa nje anaanua nguo aliposikia mlio wa pikipiki anaoujua.

Akageuka. Mwanawe alikuwa amekaa juu yake, helmeti mpya kichwani, meno yote nje.

"Mama! Mjomba kaniamini! Kaniambia, baba yako amechoka, chukua wewe, ni ya nyumbani. Nimekuja tu uone. Naenda kituoni."

Tairi la nyuma liling'aa. Wamelipaka tena.

Polepole akatokea mlangoni. Alikuwa amevaa lile koti. Akaliona tairi, akamwona mwanawe.

"Shuka, mwanangu," alisema.

"Baba, tafadhali usianze."

"Shuka nikuonyeshe kitu."

"Nimeshaonyeshwa! Kila siku tairi, tairi! Wenzako wote wanayapanda haya haya, na wanakula, na watoto wao wanakwenda shule." Sauti ya kijana ikapasuka kidogo. "Mimi nimechoka kupewa unga na majirani, baba. Wewe unaogopa, sawa, ogopa. Niache mimi nifanye kazi."

Majirani walikuwa wameanza kujipanga milangoni. Polepole hakukasirika. Alisogea akashika usukani kwa mkono mmoja, na mwanawe akashika kwa miwili, wakabaki hivyo, baba na mwana, wanavutana bila kuvutana. Tone la kwanza la mvua likaanguka kwenye tangi la mafuta. Likafuata jingine.

Mama Kava aliingia ndani. Baadaye watu wa mtaa walisema alipandwa na wazimu, lakini aliingia kwa utulivu, akaweka nguo kwenye kiti, akazikunja mbili tatu. Juu ya meza ya cherehani palikuwa na kisu chake cha kukatia rexini, kifupi, kinene, makali yake kayanoa mwenyewe. Alikuwa na hofu ya mambo mengi. Alimhofia kaka yake tangu akiwa mtoto. Alihofia ndugu kumsema, na njaa aliihofia zaidi ya hayo yote. Hofu zote hizo zilikuwepo, hazikwenda popote, ila aliona kwamba amezibeba miaka yote na hazijamlinda mtu yeyote. Akachukua kisu.

"Mama, unafanya nini?"

Alipiga magoti nyuma ya pikipiki, kwenye matope yaliyoanza. Alishika tairi kwa mkono wa kushoto, akaingiza ncha ya kisu ndani ya mfereji uliochongwa, akajiandaa kukaza kwa nguvu zake zote kama anavyokaza kwenye rexini ya tabaka mbili.

Hakuhitaji. Kisu hakikupata cha kukata. Alikigusisha tu, mpira ukafunguka kama utando wa maziwa, na chini yake zikatokea nyuzi nyeupe.

Akabaki anazitazama. Akahamia kwenye mfereji wa pili, akaugusa. Nyuzi. Wa tatu. Nyuzi. Mchongaji alikuwa ameacha utando tu, na rangi ya viatu ndiyo iliyokuwa ikiushikilia.

"Njoo uone," alimwambia mwanawe.

Mrefu akashuka. Akachuchumaa kando ya mama yake, akavua helmeti ili aone vizuri. Alinyoosha kidole akagusa zile nyuzi, akakirudisha haraka. Aliangalia barabara iliyokuwa inabadilika rangi kwa mvua, barabara ambayo dakika chache zijazo angekuwa juu yake na abiria nyuma.

"Mjomba hakuniambia," alisema.

"Hakuna aliyetuambia. Shika hiyo pikipiki vizuri, isianguke."

Ndipo akakata kweli. Alikata nyuzi zile kwa upana wa kiganja, mpaka kisu kikafika kwenye tyubu na upepo ukatoka kwa kishindo kilichomfanya jirani mmoja akimbilie ndani. Aliyaona mambo mbele: wangelichonga tena, wangelipaka tena, wangempa mtoto wa mwingine. Hili lisingepakwa tena.

"Mke wangu," Polepole alisema taratibu, "hiyo ni mali ya kaka yako."

"Ndiyo. Twende tumpelekee."

*

Waliisukuma mpaka dukani. Kusukuma pikipiki yenye tairi lililopasuka ni kazi ya punda, nayo mvua ilikuwa imeshaamua kunyesha kisawasawa. Mrefu alishika usukani, baba yake akasukuma kwa nyonga nzima, Mama Kava akatembea kando, kisu kimefungwa kwenye upindo wa kanga yake. Mbele ya duka madereva walikuwa wamejibanza barazani wakikwepa mvua. Mbio alifungua kinywa apate la kusema, akaliona tairi, akakiacha wazi.

Tajiri alitoka mlangoni. "Nani kaniharibia pikipiki?"

"Mimi, kaka."

"Wewe?"

"Mimi. Shikamoo."

Hiyo shikamoo haikuitikiwa. Ndani ya duka wateja waligeuka, wenye misumari na wenye rangi. Hakuna aliyeonyeshwa benchi safari hii, na Mama Kava hakulitafuta. Alimshika kaka yake mkono, kama anavyomshika mtoto anayevuka barabara, akamsogeza mpaka kwenye gurudumu.

"Umesema mpaka nyuzi zionekane. Hizi hapa."

"Umezikata kwa kisu!"

"Pale nilipokata, ndiyo, nimekata. Sasa tazama hapa, hapa sijakata." Akaingiza ukucha wa kidole gumba kwenye mfereji mwingine, ukucha tu, mbele ya wote, akakwaruza. Rangi ya viatu ikabaki kwenye kidole, na nyuzi zikatoka. "Na hapa. Na hapa. Kwa ukucha, kaka. Ukampa mwanangu."

Mvua ilipiga bati. Tajiri alitazama huku na huku akaona macho ya watu, akachagua kukasirika, kwa kuwa ndiyo njia iliyokuwa karibu.

"Baada ya yote niliyowafanyia! Nimekusomeshea mtoto!"

"Ulimsomesha, na ninakushukuru mbele ya watu hawa. Ungemzika, ningekushukuru kwa lipi?"

"Utalilipa hilo tairi!"

"Lipi, lililokufa? Weka jipya, la dukani, uone kama nitaligusa. Weka la kuchongwa, la pikipiki hii au ya yeyote barazani hapa, nitakuja na kisu hiki hiki. Na makava yangu yote niliyokushonea bure, nayo uyasahau. Kuanzia leo undugu wetu hauna mshono."

"Basi ondokeni. Wote. Pikipiki yangu hamtaiona tena." Hapo Tajiri akatoa lile lililokuwa limebaki chini kabisa. "Na kesho mtakula nini?"

Swali lilikuwa la kweli. Mama Kava aliuchukua ufunguo kutoka kwa mwanawe, akaingia dukani na viatu vyake vya matope, akauweka juu ya kaunta pale pale mumewe alipouweka. *Kaa*.

"Nitakula nini, sijui," alisema. "Nitakula na nani, hilo ninalijua. Mmoja yule pale, na mwingine yule pale. Wote wawili wazima."

Akatoka. Barazani madereva walimpisha njia, bila utani. Polepole alimngoja kwenye ngazi, maji yanamtiririka usoni, na kama alikuwa analia hakuna ambaye angeweza kumsuta. Akavua koti lake la kazi akamfunika mkewe mabegani. Mrefu alisimama pembeni yao bila kujua aweke wapi mikono yake mirefu.

Walikuwa bado hawajashuka ngazi walipomwona Mbio akichuchumaa nyuma ya pikipiki yake mwenyewe. Aliingiza ukucha kwenye mfereji, akakwaruza mara moja. Akakitazama kidole chake. Alisimama, akachomoa ufunguo, akawapita bila kuwaangalia usoni, akaingia ndani.

Mama Kava hakugeuka. Alishika mkono wa mumewe, akasikiliza kwa mlango uliokuwa wazi nyuma yake, katikati ya kelele zote zile za mvua juu ya bati, mpaka alipousikia ufunguo wa pili ukigonga kioo.